Asilimia Kumi na Nne

Karakana ya Useremala, Chuo cha Ufundi
Jumatatu, 3 Machi

Shemeji,

Salamu zitakuja mwishoni nikikumbuka. Nina hasira na nataka kuandika kabla haijapoa.

Leo asubuhi Mkuu wa chuo ametuita walimu kikaoni. Zimekuja kompyuta mpya ishirini. Kumi za ofisi, kumi za darasa la biashara. Useremala, sifuri. Nikasimama kuuliza kwa nini, akanijibu kwa tabasamu lake lile la kupiga picha kwamba seremala anahitaji nyundo. Watu wakacheka, hata mwalimu wa uashi, ambaye naye hakupata kitu. Huyo ndiye aliyenikera zaidi.

Nikamuuliza tena: kuanzia muhula ujao mtihani wa uchoraji utafanywa kwa kompyuta. Wanafunzi wangu thelathini na wawili watachorea nini, nyundo? Akasema, bila hata kufumba jicho, kwamba kama hakuna kompyuta basi darasa la uchoraji la useremala litafungwa, nao watabaki na misumari. Unajua maana yake, shemeji? Mtu asiyejua kuchora anatumwa maisha yake yote na mtu anayejua kuchora. Wanataka nizalishe watu wa kutumwa.

Sasa sikiliza nilichofanya. Ukutani, ukumbini, zimepangwa kompyuta kumi na mbili za zamani zinazosubiri lori la takataka. Zote za aina moja, za kijivu, nzito kama tofali. Nikasema, nipeni hizo. Mkuu akasema zimekufa, hakuna tena anayetengeneza programu ya kuchorea ya mashine kama hizo. Nikasema, mbele ya watu ishirini na sita, kwamba mojawapo itajijengea programu hiyo yenyewe, ndani ya karakana yangu, bila kusaidiwa na mashine nyingine yoyote, na bodi ikija Ijumaa ya tarehe 28 itaikuta inachora. Akasema isipochora, lori litazibeba zote siku hiyohiyo. Tukapeana mikono.

Niliwahi kusoma mahali kwamba jambo hilo linawezekana. Sasa niambie wewe uliyesomea mambo haya: mashine inajijengea programu vipi?

Usinipigie simu. Mara ya mwisho uliponielekeza kwa simu tulibishana nusu saa kama ile ilikuwa nukta au mkato, ukanikatia. Andika. Gari la vifurushi linapita kwenu kila siku.

Dada yako hajambo. Nimekumbuka salamu.

Shemejio


Chumba cha kompyuta, Maktaba Kuu
Alhamisi, 6 Machi

Shemeji Pingamizi,

Ndiyo, najua wenzako wanakuita hivyo. Dada aliniambia, na nimekaa na siri hiyo miaka minne nikisubiri siku ya kuitumia.

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili kwa sauti, wakutubi wote wakicheka. Umejifunga kamba shingoni halafu unanitafuta mimi nikuonyeshe fundo. Sawa. Nitakuonyesha.

Programu hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza inakuja tayari, kama kiti cha dukani. Ya pili inakuja kama michoro na mbao: maelfu ya kurasa za maandishi yaliyoandikwa na watu, na mashine yako inayasoma ukurasa baada ya ukurasa na kuyageuza kuwa kitu kinachotembea. Huko ndiko kukompaili. Mkuu wako amesema kweli, programu ya kuchorea iliyo tayari haitengenezwi tena kwa mashine za umri huo. Lakini michoro na mbao zipo, bure, na hakuna anayeweza kukuzuia.

Ndani ya bahasha kuna flashi. Ina Linux nyepesi, mfumo wa kuendeshea mashine, ina maandishi ya programu, na karatasi ya maelekezo niliyoichapa kwa herufi kubwa kwa sababu ya macho yako. Kumbukumbu ya mashine ni nusu giga tu, kwa hiyo tutaiazima nafasi kwenye diski, nimeeleza namna. Usiipe kazi mbili kwa wakati mmoja. Amri ya kuanza ni neno moja, make. Ukizima, kesho yake andika make tena, itaruka iliyokwisha kufanya na kuendelea ilipoishia. Kwa saa zenu za kazi ninakadiria siku saba, nane.

Au, shemeji, niikompaili mimi hapa. Mashine yangu itatumia dakika arobaini. Nakutumia, unaiweka, unanywa chai. Fikiria.

Shemejio mwenye akili timamu


Karakana
Jumatatu, 10 Machi

Shemeji,

Nimefikiria. Hapana. Nilisema itajijengea yenyewe. Nikileta ya kupikwa kwako, Mkuu atakuwa amesema kweli kwamba mashine hizi haziwezi kitu, na mimi nitakuwa nimemsaidia kuthibitisha.

Jumamosi nilikuwa mjinga, nikiri mapema tuondokane nalo. Kwenye kijitabu fulani nimeona watu wakiipa mashine kazi nne kwa pamoja ili iwahi. Nikasema kwa nini yangu isiweze? Ikaganda. Kishale kikasimama katikati ya kioo kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Nikaizima kwa kuchomoa waya. Usinitukane, nimeshajitukana.

Leo nimefuata karatasi yako neno kwa neno. Saa mbili asubuhi nikaandika make. Shemeji, ni kitu kizuri kutazama! Mistari inapanda taratibu, kila mmoja na asilimia yake pembeni. Moja ikakaa karibu dakika arobaini. Mbili. Tatu. Wanafunzi walikuwa wakiacha randa kuja kuchungulia, wakaanza kushindana kutaja asilimia kabla haijabadilika. Nimewaambia: hiki ndicho kinachoitwa kazi. Hakuna muziki, hakuna rangi, hakuna anayekupongeza, kinaendelea tu. Ulimwengu mzima umefundishwa kwamba kitu cha polepole ni kitu kibovu. Nani aliyesema? Walewale wanaouza cha haraka.

Saa kumi na moja ilikuwa asilimia kumi na nne. Nikafunga kazi kama nifungavyo siku zote, kila kitu safi, nikazima. Saa kumi na mbili askari hukata umeme wa karakana zote, kwa hiyo kulala ikiwaka haiwezekani.

Nimefurahi, shemeji. Nilitaka ujue.

Shemejio


Maktaba Kuu
Jumatano, 12 Machi

Shemeji,

Asilimia kumi na nne kwa siku ni kasi nzuri kwa kikongwe huyo. Piga hesabu: Jumatatu ya tarehe 17, au Jumanne ukichelewa, utakuwa unachora. Utabaki na siku kumi za kumtambia Mkuu, nawe sidhani kama utaacha hata saa moja ipotee.

Hiyo ya kazi nne sijakutukana. Nimeibandika tu ukutani.

Mwambie Dada nimepata gauni.

Shemejio


Karakana
Ijumaa, 14 Machi

Shemeji,

Kuna kitu hakiendi.

Jumanne asubuhi niliandika make nikitegemea kumi na tano. Ikaanza moja. Nikasema labda inakagua kwanza, acha ijipange. Ikafika kumi na nne saa kumi na moja. Jumatano ikaanza moja. Jana moja. Leo moja. Kila jioni kumi na nne, kila asubuhi moja. Sikukuandikia mapema kwa sababu nilidhani nitaimaliza mwenyewe, na kwa sababu ulikuwa umeshaanza kunipigia hesabu.

Wanafunzi wameacha kushindana. Mmoja, yule mwenye mdomo, ameiita mashine "Mwalimu", na nilipomuuliza kwa nini akasema kwa sababu kila asubuhi inarudia somo la jana. Nimempa mbao sita za kupiga msasa.

Mkuu naye amepita. Ana kipaji cha kupita. Akainama kusoma kioo, akasema, "Kumi na mbili? Si ilikuwa kumi na mbili Jumatano?" Nikamwambia kilichoandikwa pale ni kirefu kuliko anachoweza kukisoma akiwa amesimama. Akaondoka akicheka. Shemeji, alikuwa na haki ya kucheka, na hilo ndilo linaloniuma.

Sema tatizo ni nini.

Shemejio


Maktaba Kuu
Jumapili, 16 Machi

Shemeji,

Nimeshika shavu tangu jana. Nadhani nimelipata.

Ndani ya mashine kuna betri ndogo ya duara, kama ya saa ya mkononi. Ikifa, kila ukiwasha kompyuta inaamka ikiamini ni mwaka wa zamani sana. Sasa make huangalia tarehe ili kujua kipi kimefanywa na kipi bado. Tarehe ikiwa ya uongo, inachanganyikiwa na inaweza kurudia kila kitu. Fungua kasha, toa betri, nunua nyingine ya namba hiyohiyo, rekebisha saa, anza.

Na swali moja, usinijie juu: kuna kitu chochote unachogusa kwenye lile folda? Kuhamisha faili, kubadili jina, chochote?

Shemejio


Karakana
Jumatano, 19 Machi

Shemeji,

Betri ilikuwa imekufa kweli. Mashine ilikuwa ikiamini haijatoka kiwandani. Jumatatu kutwa sikuiwasha, na jioni nimeweka mpya, saa sasa inakwenda sawa na ya ukutani, na hiyo nakushukuru.

Jana kumi na nne. Leo asubuhi, moja.

Umeniuliza kama nagusa kitu. Sigusi kitu! Nina miaka ishirini na minane karakanani. Ninajua kazi ikiwa kwenye kibano haiguswi hadi gundi ikauke. Nimekaa mbele ya kioo hiki kama mlinzi wa benki. Badala ya kuniuliza mimi, waulize hao waandishi wa programu yako. Mtu anayeandika maelfu ya kurasa zinazohitaji wiki kusomwa hakuwahi kuambiwa na mhariri kwamba amerefusha. Au ni wewe umekosea kwenye karatasi yako. Nimeisoma tena: "itaruka iliyokwisha kufanya." Hairuki, shemeji. Inarudi mwanzo kama mlevi anayetafuta mlango wa nyumba yake.

Zimebaki siku tisa. Leo wanafunzi wawili wameniuliza kama wahamie uashi.

Shemejio


Maktaba Kuu
Alhamisi, 20 Machi

Shemeji,

Karatasi yangu haina kosa. Nimeijaribu kwenye mashine ya nusu giga niliyoitoa ghalani kwetu, imezimwa na kuwashwa mara tatu, na kila mara imeendelea ilipoishia. Kwa hiyo ama diski yako inaoza, ama kuna mtu anakuingilia, ama unanificha kitu. Chagua.

Nimechoka kutukanwa kwa kifurushi. Nitaikompaili mwenyewe, nitaiweka kwenye flashi, nitakutumia. Utaiweka Alhamisi, Ijumaa itachora. Nani atajua? Mashine haina mdomo.

Shemejio, kwa sasa


Nyumbani
Ijumaa, 21 Machi

Mdogo wangu,

Gauni likikubana kifuani rudisha, nitaliongeza. Nililipima kwa mwili wako wa zamani.

Nimesikia mmenuniana na bwana mkubwa. Msamehe. Siku hizi hata chakula anakula akitazama ukuta. Jana nilimpelekea mwavuli karakanani kwa sababu ya mvua, nikamkuta anafunga. Nikakaa kwenye benchi nimsubiri, nikamtazama, na moyo ukanilainika, maana mambo yamemwendea kombo hivyo lakini utaratibu wake hajauacha hata chembe. Akapangusa meza zote, akafagia maranda, akapiga magoti kutoa vumbi chini ya msumeno. Kisha akaenda kwenye kompyuta yake akaifagia nayo.

Nikamuuliza, hiyo nayo inafagiwaje? Akanionyesha. Kumbe mashine ikifanya kazi inatoa uchafu! Vifaili vidogovidogo, mamia, vyote vinaishia na herufi o. Akasema havifunguki, havisomeki, vinajaza diski, ni maranda tu ya kazi ya siku hiyo. Anavikusanya vyote, anavifuta, ndipo anazima. Anasema hajawahi kuacha maranda yalale karakanani maana maranda ndiyo moto, na hawezi kuwaambia wanafunzi jambo asilolifanya mwenyewe.

Kwa hiyo ukimwandikia, mwandikie taratibu. Anajitahidi.

Watoto wanakusalimu.

Dadako


Maktaba Kuu
Jumamosi, 22 Machi

SHEMEJI!

Dada ameniandikia. Nimecheka hadi mlinzi wa maktaba amekuja kuuliza kama kuna msiba.

Weka ufagio chini. Uweke chini polepole, rudi nyuma hatua tatu, kisha soma.

Zile faili zinazoishia na o si maranda. Ndizo kazi yenyewe! Mashine inasoma ukurasa mmoja wa maandishi na kuugeuza kuwa kipande kimoja. Unatengeneza meza: unachonga mguu wa kwanza, wa pili, wa tatu, unachonga ndimi na matundu yake, unavipanga pembeni. Havifanani na meza. Mtu asiyejua kazi akivikuta atasema ni kuni. Siku ya mwisho ndipo vinaunganishwa vyote kwa mara moja. Wewe, shemeji wangu mpenzi, kila jioni umeikusanya miguu ya meza ukaitupa motoni, na kila asubuhi umemlaumu fundi kwamba anachonga mguu wa kwanza tena.

Havisomeki kwa sababu havikuandikwa kwa ajili yako.

Nisamehe kwa kusema unanificha. Najua sasa hukuficha. Nilikuuliza kama unagusa kitu, na kwako kufagia si kugusa. Mimi nami sikuwa na akili ya kuuliza, "Je, unafagia?" Hakuna kitabu cha kompyuta duniani chenye swali hilo, ila nitaliandika kwenye karatasi zangu zote kuanzia leo.

Sasa la uzito. Nimepiga hesabu na wewe utapiga, na zote zitatoa jibu moja: ukianza Jumatatu hutamaliza Ijumaa. Ndiyo maana humu ndani kuna flashi ya pili. Ni programu iliyokamilika, nimeijenga kwa ajili ya mashine za aina yako hasa. Dakika tano. Wanafunzi thelathini na wawili, shemeji. Uamuzi ni wako na sitakuuliza.

Shemejio anayefuta machozi


Karakana
Jumatatu, 24 Machi

Shemeji,

Nimeisoma barua yako nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena.

Siku tisa. Nimezihesabu kwa vidole kama mtoto. Siku tisa nimeiua kazi ya watu kwa mikono yangu, tena kwa nidhamu, tena nikijisifu. Ningemkuta mwanafunzi anafanya hivyo ningemfukuza karakanani. Nimemtafuta yule wa "Mwalimu" nikamwambia aache msasa. Hakuelewa kwa nini, nami sikuwa na ujasiri wa kumweleza.

Dada yako haniangalii usoni. Kila akipita na sahani anabana midomo, kisha nasikia mlio jikoni.

Leo nimeanza upya. Askari amekubali kuniwashia umeme saa kumi na mbili asubuhi, ananizimia saa kumi na mbili jioni. Kwa saa hizo inapanda kumi na nane. Sasa hivi imefika kumi na saba. Alhamisi jioni itakuwa sabini na mbili. Ijumaa saa nne, bodi ikiingia, sabini na nane. Programu iliyojengwa asilimia sabini na nane inachora nini? Haichori hata mstari.

Flashi yako imo mfukoni, nyuma ya penseli. Ninaisikia kila nikiinama.

Shemejio


Karakana
Ijumaa, 28 Machi, mchana

Shemeji,

Wameondoka sasa hivi. Nakuandikia mashine ikiwa pembeni yangu kwenye themanini na tatu.

Nianze na aibu. Saa tatu na nusu nilikuwa peke yangu. Nilikwenda ukumbini kwenye mojawapo ya zile kumi na moja zilizobaki, ili niiweke mahali pa ile inayojijenga, nikaiwasha, nikachomeka flashi yako. Jina la programu likatokea. Kubonyeza mara moja tu kulibaki. Nilisimama pale nikimwona Mkuu usoni akishangaa, nikauona uso huo vizuri sana, shemeji, kisha nikajiuliza nitakachowaambia wanafunzi wakiniuliza imekuwaje ikaruka kutoka sabini na saba hadi mwisho. Nikaichomoa. Usidhani ni uadilifu mkubwa. Nilitaka Mkuu ashindwe na mashine. Hakupaswa kushindwa na shemeji yangu.

Saa nne wakaingia, watu watano na Mkuu. Mwenyekiti wa bodi ni mama mmoja aliyekuwa mkunga, mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kutiiwa. Wanafunzi walijipanga ukutani. Mkuu akasema, "Mwalimu, tuonyeshe inavyochora."

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Unanijua. Kurasa tatu: kuhusu wanaotupa vitu vizima, kuhusu viwanda vinavyotuzeesha mashine zetu kwa makusudi, kuhusu nani anaamua kwamba seremala hahitaji kufikiri. Ilikuwa nzuri, nitakutumia siku moja. Nikaitoa, nikaitazama, nikairudisha mfukoni. Nikasema, "Haichori. Imefika asilimia sabini na nane. Ingekuwa imekamilika wiki iliyopita, lakini kwa siku tisa, kila jioni, nilifuta kazi yake yote nikidhani ni maranda."



Mkuu akasema, "Kwa hiyo ulikuwa unaibomoa mwenyewe?"

"Naam."

"Kwa siku tisa."

"Naam, Mkuu. Bila kukosa hata moja."

Akanitazama kama anayesubiri mtego. "Miaka kumi na moja nimekuwa mkuu wako," akasema, "na hilo ndilo jibu fupi la kwanza umewahi kunipa." Yule mwanafunzi mwenye mdomo akaangua kicheko, akafuatwa na wote, bodi nzima ikacheka, nami nikajikuta nacheka. Nilikuwa nimeogopa kicheko hicho kwa wiki nne, kumbe hakiumi.

Mkuu, kwa haki yake, hakuacha hapo. Akasema makubaliano ni makubaliano na lori liko getini. Ni kweli lilikuwapo. Mama mkunga akawa ameinama kwenye kioo, miwani puani, akifuata mistari kwa kidole. Akaniuliza, "Kila siku inaongezeka kiasi hikihiki?"

"Tangu Jumatatu haijakosa."

"Itamaliza lini?"

"Kesho alasiri."

Akajinyoosha. "Mimi nimekaa vitandani nikisubiri vichwa vigumu kuliko hiki, na sikuwahi kuita lori." Akamgeukia Mkuu. "Mwalimu amesema kosa ni lake. Mashine imekosa nini?" Mkuu akatazama getini. Akasema tu, "Basi Jumatatu." Na mama akasema atakuja mwenyewe.

Flashi yako ninakurudishia humu. Sasa niache niitazame. Ikishindwa kesho nitakuwa sina pa kuweka uso, lakini nikuambie kweli: nina amani ambayo sikuitegemea.

Shemejio


Karakana
Jumatano, 2 Aprili

Shemeji,

Jumamosi, umeme ukiwa umewashwa saa mbili, ilifika mia saa tisa na robo. Hakukuwa na kengele. Mstari wa mwisho ukapanda, kishale kikarudi mahali pake kikapepesa, basi. Nilikuwa na wanafunzi kumi na moja waliokuja siku ya mapumziko bila kuitwa. Nikaandika jina la programu na kubonyeza. Ikafikiri kwa muda wa mtu kuvaa viatu. Kisha ukurasa mweupe ukafunguka, na rula pembeni yake.

Jumatatu mama mkunga alikuja kama alivyosema. Nikamchorea ngazi ya hatua tisa akiwa amesimama nyuma yangu. Akauliza kama inaweza kuchora na kabati la jikoni lake, nikamwambia alete vipimo. Mkuu alikuwapo. Alinishika mkono, akasema lori limelipwa kuondoka tupu na kwamba safari nyingine niwe nanong'ona kwanza. Nikamwambia safari nyingine atupe kompyuta mpya. Tuko sawa, yeye na mimi. Tutagombana tena mwezi huu, juu ya madirisha.

Halafu jambo ambalo hukuniambia, au uliniambia sikusikia: mashine zote ni za aina moja, kwa hiyo hazikuhitaji kujijengea kila moja. Ile ya kwanza imewagawia wenzake kumi na mmoja, robo saa kila moja. Jana zilikuwa zimewaka zote kumi na mbili kwenye mabenchi, zikivuma pamoja, na joto lake lilikausha hadi mbao za dirishani. Wanafunzi wanakaa watatu watatu. Wale wawili waliokuwa wamehamia uashi wamerudi.

Kazi ya kwanza niliyowapa ni mlango wa karakana: waupime, wauchore, wachape. Ndani ya bahasha utaona mchoro wa yule mwenye mdomo. Ni msafi, mistari imekutana vizuri kwenye pembe. Lakini upana ameandika milimita mia tisa na arobaini, na mimi mlango huo niliutundika mwenyewe, ni mia tisa na kumi na tano. Alipima fremu akasahau kwamba mlango unaingia ndani yake.

Akaanza kuniambia ni kompyuta. Nikamwambia kompyuta imechora kile hasa alichoiambia. Nikachukua penseli yangu, nikaizungushia duara nyekundu ile namba, kosa la kawaida kabisa la useremala, ambalo nimelisahihisha maisha yangu yote, na shemeji, sijawahi kufurahi hivyo kwa kumkuta mtu amekosea. Nikampa tepu nikamrudisha mlangoni akapime tena.

Shemejio